Nilivyoikadiria Baa ya Mama

Kuna watu huoneana wivu kwa sababu ya mwanaume, wengine kwa sababu ya simu, wengine nywele. Mimi nilimwonea mwenzangu wivu kwa sababu ya cheti cha mlipakodi. Cheka tu. Hata mimi siku hizi nacheka, ingawa si sana.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Iringa, nasomea uhasibu. Mkopo wa serikali nilikuwa napata, ila ulikuwa wa kipande: ada ilitoka, chakula hakikutoka. Nyumbani ni Uyole, Mbeya, ambako mama yangu mzazi analima viazi, na viazi vyenyewe bei yake unaijua. Kwa hiyo mchana nikitoka darasani nilikuwa nateremka Ipogolo, kule chini kwenye barabara ya malori, kufanya kazi kaunta ya baa. Mwenye baa alikuwa mjane wa Kihehe ambaye watu wote walimwita Mama, hata madereva waliomzidi umri. Alianza na sufuria moja ya kitimoto, nyama ya nguruwe, chini ya turubai, akafika kwenye baa ya tofali yenye friji mbili. Nje ya baa hiyo alikuwa na kitu kimoja tu cha maana duniani: shamba la paina kule Kilolo, alilopanda na marehemu mumewe. Miti ile ndiyo ilikuwa uzee wake. Alikuwa akisema, "Nikichoka kukaanga nyama, nitavuna miti yangu, nitajenga, nitakaa kibarazani nimsubiri Bwana."

Na mimi ndiye niliyemleta mwenzangu pale, hilo lieleweke mapema. Ametoka Makete, tulikuwa darasa moja, chumba kimoja, na shida zetu zilifanana. Nikamshika mkono nikampeleka kwa Mama, nikasema huyu ni mtu wangu, mchapakazi. Kumbe nilikuwa najipalia makaa. Mwezi haukwisha akawa ndiye kipenzi cha baa. Akifika anamsalimia Mama kwa Kihehe, "Kamwene," goti mpaka chini, wakati mimi nasalimia huku nahesabu kreti. Kila soda iliyotoka aliiandika kwenye daftari bila kuambiwa na mtu. Mteja akimtania alikuwa anatabasamu kidogo tu, halafu anaendelea na kazi, na mteja anaona haya mwenyewe. Mimi nikitaniwa najibu, nikijibiwa najibu tena, mpaka Mama apige kelele kutoka jikoni, "Wewe wa Mbeya, hebu mwache mtu anywe!"

Nilikuwa naona kijicho, na nilijua ni kijicho. Sikukiita jina jingine.

Basi ikaja habari ya kodi. Leseni ya baa ilikuwa bado kwa jina la marehemu mzee, na maofisa walimwambia Mama, kwa adabu kabisa, kwamba marehemu hawezi kuendelea kulipa kodi. Aandikishe biashara upya kwa jina lake. Ili uandikishwe unahitaji kitambulisho cha taifa, na ili upate kitambulisho unaweka vidole kwenye mashine. Vidole vya Mama mashine haikuvisoma. Alikwenda mara tatu. Miaka ya mafuta ya moto, jembe na majivu ilikuwa imesugua alama zote, ncha za vidole zimebaki laini. Wakamwambia apumzishe mikono, apake mafuta, arudi baada ya muda. "Nipumzishe mikono?" akatuuliza sisi. "Nyama ikaange nani?"

Akaamua kutafuta mtu wa kuweka jina. Leo, nikiwa mhasibu mwenye akili timamu, nakwambia usiweke jina lako kwenye biashara isiyo yako hata kama ni ya malaika. Lakini pale Ipogolo hakuna aliyeliona hilo kama mzigo. Tuliliona kama kutawazwa. Jina lako litundikwe ukutani kwenye fremu, mtu akija aulize nani mwenye baa, aoneshwe wewe! Mama alituita mezani, akatumiminia chai, akasema anataka baa iandikwe kwa jina la binti wa Makete.

Nilihisi chai inanipanda puani. Mimi niliyemtangulia miezi mitano! Mimi niliyemleta!

Nilinuna. Nilinuna siku tatu nzima, nikawa nashusha kreti kwa kishindo mpaka chupa zinalia, nikawa nafuta meza kama nataka kuitoboa. Mteja akiuliza kuna nini, namwambia, "Muulize bosi mpya." Siku ya nne mwenzangu akaenda jikoni, nikamsikia kwa masikio yangu: "Mama, mpe dada. Yeye ndiye mkubwa hapa." Mama akakubali kwa sababu alikuwa amechoka na kelele za chupa.

Unadhani nilifurahi? Nilifurahi nusu. Nusu nyingine iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimepewa kama mtoto anayepewa pipi ili anyamaze, na aliyenipa ni yeye.

Tulipanda mjini pamoja, maana Mama alitaka twende wawili. Ofisini kulikuwa na foleni fupi. Ofisa aliyenihudumia alikuwa baba mtu mzima mwenye sweta ya kahawia, mpole. Vidole vyangu mashine ikavisoma palepale, nikamtupia mwenzangu jicho. Nikapigwa picha. Kisha ofisa akauliza, "Kwa makadirio yako, mauzo ya mwaka yatakuwa kiasi gani?"

Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa ametoa mkobani karatasi aliyoandikia mauzo halisi, kwa mwandiko wake ule mzuri, na alikuwa ananinyooshea. Sikuipokea. Nilishaitwa mwenye baa kwenye foleni, binti mmoja alishanipisha kiti, na sasa nisome mauzo yangu kutoka kwenye karatasi ya mtu mwingine? Nikataja kiasi cha kichwani mwangu. Kilikuwa mara tatu ya ukweli. Baa ile isingeuza hivyo hata kama kila lori linalokwenda Zambia lingesimama pale na dereva na tingo wake wakanywa mpaka wakalala.

Ofisa akavua miwani. "Binti, una uhakika? Baa ya Ipogolo?"

"Biashara yetu ni kubwa, baba," nikasema.

Akaandika. Mimi mwanafunzi wa uhasibu, niliyefaulu somo la kodi, nilikaa pale nikajipandishia kodi kwa mdomo wangu.

Karatasi ya makadirio ilipofika mikononi mwa Mama, alikaa chini. Kodi ilikuwa ya kulipwa kwa awamu nne, na awamu moja tu ilizidi faida ya miezi mingi. Juu ya hapo, kwa mauzo niliyoyataja, baa ilitakiwa inunue mashine ya risiti. Mama akauliza, "Hawa wamekadiria kwa kutazama nini?"

Nikasema, "Ndivyo walivyoona wao, Mama."

Mwenzangu alikuwa anaosha glasi. Hakugeuka. Mama akakopa kwenye kikoba chao cha kanisani akalipa awamu ya kwanza, na jioni ile ile akasema ya pili atailipa kwa kuuza miti. Paina zilikuwa bado changa, hazijafikia mbao. Mnunuzi angezichukua kwa bei ya nguzo na kuni.

Tulipofika chumbani mwenzangu hakunisema. Ningeshukuru kama angenisema, ningepata la kujibu. Alisema tu, "Dada, makadirio yanarekebishwa. Una mwezi mmoja wa kupinga. Daftari zote ninazo, za mwaka mzima, hata zile za kabla sijaja nimezinakili. Nenda useme ulikosea."

"Nikaseme mimi ni mwongo?"

"Ukaseme ulikosea."

Hapo ndipo wivu ulipoonesha meno. Nilijua ana haki. Nilijua miti ya Mama iko kwenye daftari zile. Lakini nilikuwa naiona picha yote mbele yangu: mimi nimeharibu, yeye katengeneza, Mama kajua. Nikaona heri paina zianguke kuliko yeye anyanyuke tena. Ndiyo, naandika hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Nikamwambia nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na mtihani. Baada ya mtihani chuo kikafunga kwa muda, nikapanda gari kwenda Mbeya.

Kule Uyole nilikuwa nimeshamtumia mama yangu picha ya cheti. Sasa yeye ni mzee wa kanisa la Moravian, neno baa halipiti kwenye koo lake. Aliwatangazia majirani kwamba mwanawe ana hoteli Iringa. Nikafika nikakuta binamu wawili wamekaa sebuleni wanasubiri kazi, mmoja kanunua kabisa viatu vyeusi. Shangazi akanipikia kande, akanipa maziwa mgando, akaniita tajiri. Nilikula sifa zile siku kadhaa, na kila nikilala nahesabu siku za mwezi zilizobaki.

Siku moja tukiwa shambani tunachimba viazi, simu ikaita mlio wa ujumbe. Ni mwenzangu. Ametuma picha: mwanaume mmoja kashika futi kamba, kaizungushia kwenye mti wa paina, na Mama kasimama pembeni kajifunika kanga kichwani. Chini kaandika: "Mnunuzi ameanza na safu za pembeni leo. Mama amelia sana. Zimebaki siku nne."

Sasa sikiliza moyo wa binadamu ulivyo. Kabla sijafikiria miti, kabla sijafikiria machozi ya Mama, wazo la kwanza lililonijia ni hili: kwa nini Mama amempeleka yeye Kilolo? Mimi sijawahi kupelekwa Kilolo. Hata siku moja!

Nilikaa juu ya gunia. Mama yangu akaja na jembe lake akauliza nani kafa. Nikamweleza yote, kuanzia kreti mpaka futi kamba. Alinisikiliza akiwa amesimama, udongo mweusi umemshika mpaka magotini. Nilipomaliza akasema, "Ndaga, mwanangu. Nashukuru kwa hoteli." Halafu akacheka kicheko kibaya. "Wewe tangu mdogo ndivyo ulivyo. Mwenzio akipewa mfupa, wewe unatupa nyama yako ili ulie umepewa kidogo. Kesho alfajiri uondoke. Na hao binamu zako uwaambie mwenyewe."

Niliwaambia. Yule wa viatu hajanisalimia vizuri mpaka leo.

Iringa nilimkuta mwenzangu amepanga daftari sita, zimefunikwa kwa karatasi za kaki, kila moja na miezi yake miwili mgongoni. Tulipanda kwenye ile ofisi hatuongei. Ofisa ni yule yule wa sweta. Nilimwamkia, nikakaa, na nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba nilielewa vibaya swali, kwamba nilidhani anauliza mauzo ya mtaa mzima, uongo wa kila aina nilikuwa nao mfukoni. Lakini alinitazama juu ya miwani akasema, "Biashara kubwa imerudi," na uongo wote ukabaki mfukoni.

"Niliongeza, baba," nikasema. "Hakuna aliyenituma. Na baa si yangu, ni ya mama mmoja ambaye vidole vyake havisomi."

Ofisa akazivuta daftari karibu. Akaanza kufungua daftari, moja baada ya nyingine, kwa kidole kilicholoweshwa kwa ulimi. Alisoma muda mrefu. Alipofika miezi ya masika akauliza mbona mauzo yameporomoka hivi, kuna kurasa zimechanwa? Mimi sikujua. Mwenzangu ndiye aliyejibu, kwa sauti yake ile ya chini: "Ni msimu wa ulanzi, baba. Ng'ambo ya barabara mianzi inagemwa, watu wananunua ulanzi kwa lita. Bia hainyweki mpaka ulanzi uishe." Ofisa akacheka mpaka jirani yake akageuka. Akasema yeye mwenyewe ni wa Kilolo na ulanzi anaujua, halafu akauliza, "Daftari hizi nani kaziandika?"

Nilinyamaza kidogo. Hicho kidogo nakikumbuka vizuri kuliko mwaka mzima wa chuo. Nikasema, "Huyu." Lilitoka kama mwiba unavyotolewa.

Tulijaza fomu ya kupinga, nikasaini. Tukaambiwa pia kwamba Mama akipata kitambulisho tu, biashara ihamie kwake haraka, mchezo wa kuazimana majina uishe. Baada ya siku chache majibu yakatoka. Kodi ilishuka mpaka ikawa kitu ambacho baa inaweza kukilipa yenyewe, na mashine haikuhitajika. Mama akampigia mnunuzi simu asimamishe msumeno. Safu tatu zilikuwa zimeshalala chini. Nyingine zote zilibaki zimesimama.

Jumapili iliyofuata Mama alitoa sadaka ya shukrani. Kwa Walutheri wa Iringa, mtu akitendewa jambo anapita mbele na watu wake na kapu lake, anasema alichotendewa, kisha vilivyomo kapuni vinanadiwa nje baada ya ibada. Kapu la Mama lilikuwa na jogoo wawili, mahindi na kreti ya soda. Alitutaka sote wawili tupite naye. Akapewa kipaza sauti, akasema, "Bwana Yesu asifiwe," tukaitika. Akasimulia jinsi watu wa mapato walivyomkadiria vibaya, jinsi alivyokaribia kupoteza uzee wake, na jinsi Mungu alivyomtumia binti huyu, hapa akamshika mwenzangu bega, binti wa watu, mtoto wa Makete, kuandika daftari usiku na mchana. Kanisa likapiga vigelegele. Akina mama wa kwaya wakasimama. Mwenzangu aliangalia vidole vyake vya miguu.

Mimi nilikuwa nimeshika jogoo.

Nikamkabidhi mtu jogoo, nikaomba kipaza sauti. Nikasema watu wa mapato hawakukosea. Nikasema aliyetaja yale mauzo ni mimi, kwa mdomo wangu, nikijua si kweli, na aliyemdanganya Mama kwamba ni wao ni mimi pia. Sijui kama ilikuwa toba. Nimeifikiria miaka hii yote. Huenda ilikuwa wivu ule ule umevaa gauni la Jumapili, maana macho yote yalikuwa kwake na mimi sikuweza kuvumilia. Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Mchungaji akachukua kipaza sauti taratibu akasema tuombe.

Tulirudi kwa miguu, baada ya mnada. Mwenzangu alitangulia mbele, kwa adabu yake, ili tuongee. Mama hakuongea. Nilibeba kapu tupu na nilikuwa nasubiri anitukane, na Wahehe wakikasirika unawajua. Tulipokaribia daraja akasema, bila kunitazama, "Siku ile unaitaja ile hela, ulikuwa unamwonesha nani?"

Nikainua kidevu kuelekea mbele. "Yule."

"Na yeye alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alikuwa ananinyooshea karatasi."

Mama akatembea hatua kadhaa. Akasema, "Kumbe ulikuwa unaniuzia miti yangu kwa mtu ambaye hata hanunui."

Hakupaza sauti. Akafunga kanga yake vizuri, akaongeza mwendo, akamfikia mwenzangu, akampitishia mkono kiunoni, wakaendelea kuteremka pamoja wakiongea mambo ambayo sikuyasikia. Mimi nilikuwa nyuma na kapu. Na nisikudanganye, kwa sababu nimeshadanganya vya kutosha: nilipowaona vile, baada ya yote yale, niliona wivu.